Askari Mbele ya Mtu Aliyekata Tamaa ya Kuishi

Kaskazini mwa Bujumbura, katika mtaa wa Kamenge, zimesimama nyumba tatu za tiba ambazo kila askari wa Burundi anazijua japo kwa jina. Ya kwanza ni Hospitali ya Kijeshi. Ya pili ni Hospitali ya Chuo Kikuu, ambayo wakazi wengi huiita Roi Khaled. Ya tatu ni kituo cha maradhi ya akili, ambacho Mabruda wa Upendo, shirika lililoanzishwa Ubelgiji na Padre Triest mwaka 1807, wanakiendesha tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Askari aliyevunjika mguu huingia katika nyumba ya kwanza bila kuona haya, na wenzake humfuata na matunda. Lakini askari ambaye halali usiku, ambaye chakula kimepoteza ladha kinywani mwake, na ambaye ameanza kuwaza kwamba ingekuwa heri asingeamka kesho, hulipita lango la nyumba ya tatu akiangalia upande mwingine. Anaogopa asionekane. Pengine ni mwendo wa dakika chache tu kutoka alipo, na bado hafiki.

Umbali huo usiopimwa kwa hatua ndio tunaotaka kuuchambua leo, kwa kuwa unaua watu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu zaidi ya 720,000 hujiua kila mwaka, na kwamba karibu robo tatu ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Miongoni mwa vijana wa miaka 15 hadi 29, umri ule ule ambao majeshi na polisi huandikishia watu, kujiua kumehesabiwa kuwa sababu ya tatu ya vifo duniani katika mwaka 2021. Na kwa kila mtu mzima anayekufa hivyo, inakadiriwa kuwa wako wengine zaidi ya 20 waliojaribu wakanusurika. Hao ishirini ndio kiini cha makala haya, maana wanaweza kusaidiwa, na mara nyingi mtu wa kwanza kuwafikia huwa ni askari.

Haifichiki kwamba watu wetu hawapendi kulitamka jambo hili. Kirundi kina neno lake, kwiyahura, na Kiswahili kina mengi: kujiua, kujitoa uhai, kujimaliza, kujinyonga. Lakini maneno hayo husemwa kwa kunong'ona. Kambini hufunikwa kwa ajali ya silaha. Nyumbani hufunikwa kwa uchawi au homa ya ghafla. Familia hufanya hivyo kwa kuogopa aibu, nasi hatuna haja ya kuilaumu familia iliyofiwa. Mkuu wa kikosi, hata hivyo, si ndugu wa marehemu. Akiandika ajali mahali ambapo hapakuwa na ajali, anakinyima kikosi kizima nafasi ya kujiuliza ni nini kilichotokea wiki tatu kabla.

Yafaa pia ieleweke kwa nini tunawasemesha askari wa Burundi hasa. Mtaa wenyewe wa Kamenge ni ushahidi. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, mtaa huu ulikuwa miongoni mwa mitaa iliyoungua mapema, na katika mwaka 1995 wakazi wake wengi waliukimbia kwa mapigano. Baada ya Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000, na miaka ya mazungumzo iliyofuata, waliokuwa wakipigana walivishwa sare moja katika jeshi jipya na polisi mpya, na wengine zaidi ya 20,000 wakarudishwa uraiani. Kuanzia Desemba 2007, vikosi vya Burundi vilikwenda Somalia, vikakaa huko kwa miaka mingi na kupoteza watu. Mtu wa umri wa miaka arobaini na mitano aliyevaa sare leo anaweza kuwa ameyapitia yote hayo: utoto wa kukimbia, ujana wa bunduki, na utu uzima wa kuzika wenzake mbali na nyumbani. Watu wetu wana neno kwa jeraha la namna hiyo: ihahamuka. Wanalijua. Lakini wameliweka katika maneno ya wanawake, wajane na watoto, kana kwamba mwanamume mwenye kombati hawezi kuhahamuka.

Tuje sasa katika hatari ambayo huzungumzwa kidogo kuliko zote, nayo ni ya wale wanaojinyima pumzi. Hatutaeleza hapa namna yoyote, na tungependa mhariri yeyote anayetusoma asieleze pia. Katika mji wa Vienna, Austria, mwaka 1987, waandishi wa habari walikubali kuacha kusimulia kwa undani vifo vya watu waliokuwa wakijiua katika reli ya chini ya ardhi, na matukio hayo yakapungua sana katika muda wa miezi michache. Maelezo ya njia hayamsaidii msomaji mzima, na humdhuru msomaji mgonjwa.

Linalopasa kusemwa ni hili. Wako watu, hasa vijana, wanaoamini kwamba kujibana pumzi ni jambo linaloweza kuanzwa na kukatizwa kwa hiari. Wengine hufanya hivyo si kwa nia ya kufa, bali kwa kutafuta kutulia, au ili mtu fulani ashtuke na kuwasikiliza. Imani hiyo ni ya uongo, na imewazika wengi waliokuwa na nia ya kuendelea kuishi. Ubongo wa mtu una uzito wa kadiri ya asilimia 2 tu ya mwili, lakini hutumia kadiri ya moja kwa tano ya hewa safi ambayo mwili wote unaitumia, wala hauna ghala la kuiweka akiba. Hewa ikipungua, cha kwanza kupotea ni uwezo wa kuamua na wa kuiongoza mikono. Mtu aliyedhani kwamba atajizuia huwa hana tena kitu cha kujizuia nacho.

Na asiyekufa harudi daima kama alivyokuwa. Madaktari hukutana na walionusurika wakiwa wamepoteza kumbukumbu, wakiwa hawawezi kutamka maneno, wakiwa na mikono inayotetemeka, wakishindwa kumeza bila kupaliwa. Mishipa ya damu ya shingoni inaweza kuchanika ndani bila alama kubwa ya nje, na kiharusi kikafuata siku kadhaa baadaye. Kwa hiyo yule anayesema "mimi ni mzima, niacheni niende nyumbani," apelekwe hospitali hivyo hivyo. Hili liwe sheria kwa polisi, na liwahusu pia waliokabwa na mtu mwingine katika ugomvi wa nyumbani, maana mara nyingi huandikiwa kwamba hawana jeraha.

Kuna desturi moja ambayo hatuna budi kuikemea waziwazi. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki na Kati, mtu akikutwa katika hali hiyo, majirani husimama mbali na kusema: asiguswe mpaka polisi wafike. Wanaogopa kushukiwa, na pengine wanaogopa mkosi. Naye polisi akifika, huenda akafikiri kwanza juu ya ushahidi, picha na faili. Wakati huo wote inawezekana kwamba anayetazamwa angali hai. Askari, wa jeshi au wa polisi, aliye wa kwanza kufika na asiyeona dalili zisizo na shaka kwamba kifo kimepita zamani, afanye kazi ya kuokoa kwanza. Mwili uinuliwe na kutegemezwa, shingo iachiliwe mara moja, mtu alazwe chali mahali pagumu huku kichwa na shingo vikishikwa visiyumbe, na mwingine aite gari. Kama hapumui, mikono miwili iwekwe katikati ya kifua na kukandamiza kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukata tamaa mapema, mpaka mganga afike. Kama anapumua, asiachwe peke yake hata kwa muda wa kwenda kunywa maji. Hakimu hatamlaumu askari kwa ushahidi uliosogezwa katika kuokoa uhai.

Wapo watakaosema: aliyeamua kufa ameamua, mkimzuia leo atarudia kesho. Neno hili husemwa kwa sauti ya hekima, na kwa kweli si hekima. Mtafiti wa Kimarekani, Richard Seiden, alitoa mwaka 1978 matokeo ya kuwafuatilia watu 515 ambao, kati ya mwaka 1937 na 1971, walizuiwa wasijirushe kutoka daraja kubwa la San Francisco. Baada ya miaka mingi, kiasi cha 94 katika kila 100 walikuwa wangali hai au wamekufa kifo cha kawaida. Walishikwa mkono siku moja, katika saa moja mbaya, na saa ile ikapita. Mtu wa namna hii mara nyingi hapendi kifo chenyewe; anachotaka ni maumivu yakome, na kwa saa ile haoni mlango mwingine. Sehemu moja ya moyo wake inataka kwenda na nyingine inataka kubaki, na mwenzake anayemkuta anazungumza na hiyo ya pili.

Uingereza ilijifunza jambo hilo bila kukusudia. Zamani gesi ya kupikia katika nyumba za nchi ile ilitengenezwa kwa makaa ya mawe, nayo ilikuwa na sumu iliyoua watu wengi waliokata tamaa. Ilipobadilishwa hatua kwa hatua kwa gesi isiyo na sumu hiyo, idadi ya waliojiua katika Uingereza na Wales ilishuka kutoka 5,714 mwaka 1963 hadi 3,693 mwaka 1975. Hakuna aliyewahubiria watu wale. Wala furaha haikuongezeka nchini. Tena miaka ya mwisho ya kipindi kile ilikuwa ya dhiki ya uchumi. Kilichotokea ni kwamba chombo cha kifo kiliondolewa jikoni, na wengi hawakwenda kutafuta kingine. Sri Lanka nayo, ilipopiga marufuku dawa kali za kuua wadudu mashambani moja baada ya nyingine, ilishuhudia vifo vya kujiua vikipungua kwa kadiri ya asilimia 70 tangu kilele chake cha miaka ya 1990. Burundi ni nchi ya wakulima, na dawa za shambani huwekwa chini ya kitanda karibu na watoto. Wizara ya Kilimo ina neno hapa sawa na ile ya Afya.

Kwa askari, hata hivyo, chombo kilicho karibu si dawa ya shambani. Ni silaha aliyokabidhiwa na taifa. Hapa tungependa wakuu wa vikosi wasome polepole. Katika jeshi la Israeli ilionekana kwamba askari vijana wengi waliojiua walitumia bunduki zao za kazi, na wengi wao mwishoni mwa juma, wakiwa nyumbani. Mwaka 2006 iliamriwa kwamba anayekwenda mapumziko aiache bunduki kambini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba vifo vya kujiua miongoni mwa vijana wale vilipungua kwa asilimia 40, na pungufu kubwa lilikuwa la mwishoni mwa juma. Siku za kazi hazikuongezeka vifo kufidia. Amri moja ya ghala la silaha ilifanya kazi ambayo hotuba mia zisingeifanya.

Je, hili haliwezi kufanyika kwetu? Linaweza, na gharama yake ni ndogo. Polisi anayemaliza zamu ya usiku akaenda kunywa urwarwa au Primus akiwa na bastola kiunoni ni hatari kwa nafsi yake kabla ya kuwa hatari kwa wengine, kwa kuwa pombe hufupisha njia kati ya wazo na tendo. Mkuu anayeona askari wake amefiwa, ameachwa na mke, amezama katika madeni au anakabili mashtaka, na akamhamishia kwa muda kazi isiyo na silaha, amefanya tendo la uongozi. Sharti lake ni moja, nalo ni gumu: uhamisho huo usiwe adhabu, wala usiguse mshahara na cheo. Siku itakayojulikana kambini kwamba anayesema "sijiwezi" hupoteza posho au nafasi yake ya kwenda misheni ya kulinda amani, hakuna atakayesema tena. Tunaamini kwamba penye vifo vya siri katika majeshi mengi, chanzo ni hesabu hii ya posho kuliko ushujaa unaosifiwa katika nyimbo za kambi.

Jeshi la Anga la Marekani lilianza mwaka 1996 mpango wa kuwafundisha wakuu wa ngazi zote kwamba kuomba msaada ni sehemu ya nidhamu, na kuwafuatilia kwa karibu walio chini ya upelelezi wa mashtaka. Katika miaka iliyofuata, hatari ya kujiua katika jeshi hilo ilishuka kwa theluthi moja. Karibu nasi zaidi, nchini Kenya, jopo lililoongozwa na Jaji Mkuu wa zamani David Maraga kuhusu mageuzi ya polisi, ambalo lilikamilisha kazi yake mwaka 2023, liliiweka afya ya akili ya askari pamoja na mishahara na makazi. Hapo ndipo mahali pake.

Vipi sasa kuzungumza na mwenzako unayemshuku? Dalili hujulikana na wote, ila hakuna azitajaye: anagawa vitu vyake, anaaga bila safari, anasema kwamba atawapunguzia watu mzigo, anajitenga, au baada ya huzuni ndefu anakuwa mtulivu kwa ghafla. Wengi hunyamaza wakidhani kwamba kulitaja neno ni kulipanda. Utafiti wa miaka mingi umeonyesha kwamba sivyo. Aliyeulizwa kwa upole hupata nafuu. Basi, ndugu askari, muulize wazi, pembeni, si mbele ya kikosi: "Bwana, nakuona umelemewa. Je, umefikia kuwaza kujiua?" Akijibu ndiyo, usimhutubie juu ya dhambi wala usimtajie watoto wake kama kumshtaki, yeye amekwisha kujishtaki kuliko utakavyoweza. Usimwahidi kwamba utaficha siri. Kaa naye, silaha yake na vyote vinavyoweza kumdhuru viondoke karibu naye, na umsindikize wewe mwenyewe mpaka kwa mganga. Maneno "nenda Kamenge kesho" hayatoshi, kwa kuwa kesho ndiyo inayomshinda.

Polisi wa kituo ana jukumu la ziada. Mahabusu wa usiku wa kwanza, hasa mlevi, kijana au mtu mwenye jina mtaani aliyekamatwa kwa kosa la aibu, yuko katika saa za hatari kubwa. Kumfungia peke yake gizani ili "atulie" ni kosa. Akae panapoonekana, na atazamwe na mtu, maana vitu vilivyoondolewa mifukoni mwake havitoshi peke yake kumlinda.

Na aliyejaribu akanusurika si mhalifu wa kufungiwa. Sheria za makoloni ya Kiingereza zilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kisha Uingereza yenyewe ikaifuta sheria hiyo kwake mwaka 1961 na kuyaachia makoloni urithi huo. Ghana iliuondoa mwaka 2023. Kenya, ambako kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kiliruhusu kifungo cha hadi miaka miwili, ilisikia Mahakama Kuu ikitamka tarehe 9 Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Askari anayemkuta mtu katika hali hiyo akaanza kutafuta kosa la kuandika katika faili kabla ya kuuliza hospitali iliyo karibu ameanza mahali pasipofaa, hata pale ambapo sheria bado inamruhusu.

Wako pia wanaoogopa mazishi. Hadi leo baadhi ya wazee wetu hukataa aliyejiua asipitishwe kanisani, wakidhani kwamba Kanisa limeagiza hivyo. Zamani liliagiza, sheria yake ya mwaka 1917 iliwanyima maziko. Ile ya mwaka 1983 haikuwataja tena miongoni mwa wanaonyimwa, na Katekisimu ya mwaka 1992 inafundisha kwamba maradhi ya akili na dhiki kubwa hupunguza hatia ya mtu, na kwamba Kanisa huwaombea. Kikosi nacho kinaweza kumsindikiza mwenzao kwa heshima bila kukitukuza kifo chenyewe. Mjane atendewe kama mjane wa askari mwingine yeyote.

Limebaki jambo la kurudi. Majina ya hospitali za namna hii, kama Mirembe ya Dodoma na Mathari ya Nairobi, yamegeuzwa dhihaka vinywani mwa watu, na askari anayetoka wodini anajua kwamba mzaha unamngoja langoni mwa kambi. Nao uzoefu wa madaktari katika nchi nyingi unaonyesha kwamba wiki za kwanza na miezi mitatu ya kwanza baada ya kutoka hospitali ya akili ndiyo yenye hatari kubwa kuliko wakati mwingine wowote. Katika muda huo apewe kazi yenye saa za kawaida, asipangwe zamu ya usiku peke yake, silaha isirudishwe mikononi mwake kabla ya mganga kusema, tarehe zake za kliniki ziandikwe katika daftari la kikosi kama ruhusa nyingine, na awepo mwenzake mmoja, aliyemchagua yeye mwenyewe, wa kumpitia kila jioni.